Miguu ya Bibi na Safari ya Florida kwa Gari

Ghorofa ya Saba, Nyumba ya 704,
Don Mills,
Toronto, Kanada.

12 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Batool,

Salaam alaikum, na shikamoo. Hujambo huko Tanga? Goti lako linaendeleaje tangu daktari akukataze kupanda ngazi za ghala? Baba Naeem naye, presha imetulia, au bado anakula achari kwa kujificha? Naeem amemaliza mtihani wake? Mwambie namwombea kila siku, ingawa najua atacheka. Na mvua za vuli, zimeshaanza? Huku majani yamekuwa mekundu na Mama ameshatoa makoti kabatini, kwa hiyo nyumba nzima inanuka dawa ya nondo.

Sisi hatujambo, ila kuna jambo moja ambalo si zima, na ndilo lililonikalisha mezani. Sikukupigia simu kwa sababu unaijua nyumba yetu. Simu ya Tanga huzungumzwa sebuleni, kwa spika, na kila mtu anachangia. Nisingeweza kusema chochote. Hata tungekuwa wawili tu ningebabaika, nikaishia kukuuliza habari za paka.

Kwa hiyo naandika. Barua hii anakuja nayo Rehan, rafiki yake Baba, yule wa Malton, anayekuja Tanga wiki ijayo kuwaona wazazi wake. Nimeifunga kwa gundi ya karatasi pande zote nne, maana Rehan ni mtu mzuri lakini hana siri.

Shangazi, nakuomba umzuie Baba asimpeleke Bibi Florida kwa gari mwezi wa Desemba. Ameshakata tiketi za meli inayoondokea huko. Kutoka hapa kwetu mpaka bandari hiyo ni siku mbili za kukaa kitini, na miguu ya Bibi haiwezi. Baba hasikii la mtu isipokuwa lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyembeba mgongoni akiwa mdogo, na yeye mwenyewe hulitaja hilo mara kwa mara. Naomba nikueleze tangu mwanzo, usije ukadhani ni deko la msichana aliyemaliza shule na anayesubiri chuo kifunguliwe.

Unajua kwamba Baba anapenda safari za meli. Sikatai, ni safari nzuri. Mtu unakula, unalala, unaona bahari. Lakini meli haziji Don Mills. Inabidi kuzifuata, na Baba hataki kuzifuata kwa ndege. Anafanya kazi kwenye maghala ya mizigo uwanja wa ndege, na anasema mtu aliyeona sanduku linavyorushwa hawezi tena kulikabidhi lake. Pia anasema kwa gari unaiona nchi. Shangazi, mimi nchi nimeiona. Nchi ni matako ya malori na vyoo vya vituo vya mafuta. Mwaka juzi tulikwenda kupanda meli Boston. Mwaka jana Baltimore, tukawa barabarani karibu muda ule ule tuliokaa baharini. Mwaka huu ilikuwa New Jersey, na meli ya kwenda Bermuda.

Baba alisubiri kwa adabu miezi ya Muharram na Safar ipite, kama inavyopasa, akatafuta meli ya mwisho wa Septemba. Akaja nyumbani anang'aa. Bibi akachukua kalenda ya msikitini, akavaa miwani, akapitisha kidole, akasema, "Abbasali, umechagua siku za Aqrab."

Wewe unayajua haya kuliko mimi. Mwezi ukiingia nyota ya Nge, hatufungi ndoa, hatuhamii nyumba, na hatuanzi safari. Mwezi ulikuwa unaingia Jumatano, na sisi tulikuwa tunaondoka Alhamisi alfajiri. Nikadhani hapo tumepona. Nilidhani Baba atasema basi, tuondoke na ndege Jumanne, tukae hotelini. Kumbe kuna dawa yake. Bibi alisema kwao walikuwa wakiitanguliza safari. Unatoa mzigo wako nyumbani kabla ya mwezi kuingia, unaulaza kwenye nyumba ya mtu mwingine, na hapo safari yako imeshaanza. Baadaye wewe unaufuata tu.

Zaki, ambaye tangu atimize miaka ishirini anajiona wakili wa kila jambo, akauliza, "Bibi, si tunamdanganya mwezi?"

"Humdanganyi ukitoa mzigo wa kweli," Bibi akamjibu. "Ukitoa kanga kuukuu na ndala mbovu, hapo umemdanganya. Toa kitu ambacho bila hicho husafiri."

Basi Jumanne jioni Baba aliuchukua mkoba mdogo wa Bibi, ule wa kahawia, akaupeleka Malton kwa Rehan. Hakuna aliyeuliza mna nini ndani. Mama alidhani ni nguo. Mimi nilidhani ni misahafu na tasbihi.

Alhamisi tuliondoka baada ya sala. Bibi alitufunga sote Imam Zamin mkononi, sarafu ndani ya kitambaa cha kijani, hata Zaki ambaye alishusha mkono wa shati haraka. Tukapita chini ya msahafu mlangoni, mmoja mmoja. Bibi alikaa mbele pamoja na Baba, kama kawaida, na sisi watatu nyuma na jiko zima. Sitanii. Tulikuwa na kababu, kachori, chapati za siku mbili, chupa mbili za chai, birika la umeme, na sufuria ya pilau ambayo Mama aliipakata kama mtoto mgonjwa. Kwenye meli chakula ni bure, mchana na usiku, lakini Baba anasema hatuwezi kujua kama nyama ni halali.

Tulikwenda vizuri mpaka Fort Erie, karibu kabisa na daraja la kuingia Marekani. Baba akasimama kituo cha mafuta, akasema, "Haya, toeni pasipoti." Mama akafungua pochi, akatoa nne.

"Ya Bibi iko wapi?"

Bibi akasema bila wasiwasi wowote, "Imeshatangulia."

"Imetangulia wapi, Ma?"

"Kwa Rehan. Si nilisema utoe kitu ambacho bila hicho husafiri?"

Zaki akaanza kucheka, Mama akampiga begani kwa mfuniko wa sufuria, na Baba akalaza kichwa juu ya usukani. Kumbe kila mtu alidhani mwingine ndiye atakayeupitia ule mkoba. Ndani mlikuwa na pasipoti, dawa zote za Bibi, na zile soksi nzito ambazo daktari alimpa avae safarini ili damu isikae miguuni. Mwanamke alitanguliza kila kitu cha lazima, kama alivyotakiwa na mila. Sisi ndio tulioisahau mila katikati.

Tukageuza. Tulipofika Malton, Rehan alikuwa ameingia zamu, na simu yake, kama za wote kazini kwake, ilikuwa kwenye kabati. Kwake hakuna mtu. Zaki akasema twende nyumbani tukasubiri huko, si mbali, Bibi anyooshe miguu, tunywe chai kwenye vikombe vya kweli.

"Ukikanyaga kizingiti cha nyumba yako, safari imekufa," Bibi akasema. "Utaianza upya, na mwezi sasa umo ndani."

Nilimtazama Baba. Nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyekwisha kuendesha mpaka mpakani na kurudi atasema hapana, mama yangu, leo hapana. Akasema, "Kweli kabisa."

Tukakaa ndani ya gari, kwenye maegesho ya jengo la Rehan, tangu asubuhi mpaka alasiri. Malton, Shangazi, ipo ubavuni mwa uwanja wa ndege. Ndege zilikuwa zinatupita juu yetu karibu sana hata chai ilitetemeka kikombeni. Zaki alikuwa na simu inayoonyesha kila ndege inakokwenda, na alikuwa anatusomea kwa sauti, nadhani kwa makusudi.

"Hiyo inakwenda Newark, Baba. Newark ni pale pale bandarini kwetu. Saa moja na nusu tu watu wameshafika."

"Na masanduku yao yatafika kesho kutwa," Baba akamjibu, akachukua kababu.

Mimi nilimwomba Bibi ashuke tutembee kidogo kuzunguka jengo. Alisema upepo ni mkali. Nikamwomba tena baadaye. Akasema, "Kaa, mwanangu, baba yako ananieleza habari." Sikusisitiza. Mimi sina sauti ya kusisitiza, unanijua.

Rehan alipotoka kazini na kutukuta pale nje na sufuria, alidhani kuna msiba. Tulipata mkoba, Bibi akavaa soksi zake, lakini miguu ilikuwa imeshavimba na soksi zikambana juu ya kifundo. Halafu Baba akaanza kufidia muda. Nadhani neno hili nitalichukia maisha yangu yote. Tulivuka mpaka, tukaipita Buffalo, tukaipita Syracuse, na kila Mama alipotaja kusimama, Baba alisema tunafidia muda, kidogo tu mbele. Alisimama mara mbili, na mara zote mbili kwa ajili ya gari, si kwa ajili ya watu.

Kesho yake bandarini Bibi hakuweza kuvaa viatu. Aliingia melini kwenye kiti cha magurudumu, akiwa na ndala za Zaki.

Kuhusu Bermuda siwezi kukusimulia mengi. Wanasema maji yake yana rangi ya feruzi. Mimi nililala chumba kimoja na Bibi, na siku zote tano alikuwa amelaza miguu juu ya mito, na mimi nikiwa naye. Sikulalamika kukaa naye, usinielewe vibaya. Daktari wa meli alimbonyeza kidole juu ya ugoko na alama ikabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Alimwambia Baba amwone daktari wake akifika nyumbani. Baba aliogopa kweli. Alikuwa anakuja kila baada ya muda na aiskrimu, anasimama mlangoni, anauliza, "Ma, unajisikiaje?" Bibi anasema vizuri, naye anaondoka kwenda kuangalia jambo jingine. Meli ilikuwa na mambo mengi ya kuangalia.

Kisha tukarudi, kwa gari lile lile, kwa barabara ile ile.

Jumatatu iliyopita nilimpeleka Bibi kwa daktari. Mimi ndiye mkalimani wake siku hizi, kwa kuwa sina shule, na Bibi hataki Zaki asikie habari za mwili wake. Daktari alimpima kwa mashine ile ya picha. Alisema, alhamdulillahi, safari hii damu haikuganda. Lakini alisema kwa umri wake na mishipa ile, akikaa tena hivyo inaweza kuganda, na donge likipanda kwenye mapafu linaua. Kila baada ya saa moja lazima asimame atembee. Na safari ya siku nzima na zaidi, alisema, haiwezi kabisa. Nikatafsiri yote, neno kwa neno. Bibi akaitikia kwa kichwa, akamshukuru daktari kwa Kiingereza chake.

Jioni Baba aliporudi kuchukua chakula chake cha zamu, akauliza kwa haraka daktari kasemaje. Nilikuwa nimefungua mdomo. Bibi akawahi, "Kasema nipunguze chumvi."

"Basi, Mama Zaki, pilau lisiwe na chumvi," Baba akasema, akatoka. Na kabla ya kutoka ndipo alipotutangazia Florida. Alikuwa amekata tiketi asubuhi ile, ili Bibi apate meli ya kweli, kwa kuwa ya Bermuda aliikosa. Alidhani anamfidia.

Nilimkasirikia Bibi, Shangazi. Nadhani ni mara ya kwanza maishani. Nilimfuata jikoni nikamwambia daktari hakusema chumvi, kasema kifo. Nikamwambia nitamweleza Baba mimi mwenyewe akirudi.

"Usithubutu."

"Kwa nini, Bibi? Wewe huzipendi hata hizo meli! Ulifunga pazia la dirisha siku zote tano."

"Nani kakwambia napenda meli? Meli ni jengo kama hili letu, ila linayumba." Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa. "Mimi napenda gari."

Nilidhani ananitania. Akasema, "Tangu baba yako aanze kazi ya zamu, namwona mgongo. Anaingia mimi nimelala, anatoka mimi nipo kwenye mswala. Ijumaa ananibusu mkono msikitini kama mgeni. Kwenye gari ni wangu. Nimemsimulia habari za duka la babu yako kuanzia Buffalo mpaka Scranton, na hakuangalia simu hata mara moja."

"Kwa sababu alikuwa anaendesha, Bibi."

"Ndiyo maana nalipenda gari."

Nikakumbuka pale Malton, sisi wengine tukiwa tumenuna kiti cha nyuma, wao wawili mbele walikuwa wanacheka juu ya mtu fulani wa Barabara ya Kumi na Mbili, huko Tanga, aliyefuga bata dukani. Mimi nilikuwa naziba masikio kwa ajili ya ndege. Bibi alijua miguu inavimba. Aliiacha ivimbe. Na siku mbili za Florida kwake si adhabu. Anazihesabu kama mtoto anavyohesabu siku za Idi.

Nimekasirika nao wote wawili, nakwambia kweli. Baba anamwendesha mama yake maili zote hizo kumtafutia raha iliyokaa kiti cha pembeni yake, na Bibi yuko tayari kufa kwa donge la damu kuliko kumwambia mwanawe, njoo ukae nami. Hawa ni watu wazima. Mimi ndiye niliyemaliza shule juzi.

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Jana wakati wa chakula nilisema, "Baba, Florida ni mbali kwa Bibi." Ilitoka ndogo sana. Baba akasema, "Ndiyo raha yake," na Bibi akanikanyaga mguu chini ya meza. Kwa mguu ule ule uliovimba.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Mpigie siku ya Jumamosi, saa za huku asubuhi, ndiyo siku yake ya kupumzika. Mwambie atoe simu kwenye spika, aende nayo chumbani peke yake. Mweleze alichosema daktari, chote, na mwambie umesikia kwangu. Bibi atanikasirikia na mimi nitakubali. Lakini nakuomba usiishie hapo. Ukimwambia tu kwamba mama yenu hawezi safari, atalia, atarudisha tiketi, na ataongeza zamu, na Bibi atabaki na sisi na mgongo wa mtu mlangoni. Mwambie meli aiache, lakini gari asiliache. Kila Jumamosi amweke Bibi kiti cha mbele, waende mpaka Hamilton, au Oshawa, au popote, wasimame kila baada ya saa moja watembee, warudi nyumbani jioni. Mimi na Mama na Zaki tutabaki, hatutaki kuja. Na chapati nitawafungia mwenyewe.

Haya nisingeweza kumwambia mimi. Nikianza nitalia, naye atanipa aiskrimu.

Nisalimie sana Baba Naeem, na Naeem, na Mama Mdogo Ummulbanin na watoto wake wote, hata yule aliyevunja baiskeli yangu nilipokuja. Mama anakusalimu na anauliza kama ulipata ile zafarani. Zaki anasema umletee korosho atakapokuja mtu. Baba anakusalimu kila siku bila kujua kwamba nakuandikia.

Bibi naye anakusalimu. Amepita hapa sasa hivi akaniuliza naandika nini, nikamwambia nakuandikia wewe. Akasema nikwambie miguu yake ni mizima kabisa, na kwamba hapa ni baridi tu inayomsumbua. Shangazi, usimwamini. Piga Jumamosi.

Mwenyezi Mungu akulinde, alitulize goti lako, na akupe maneno mazuri ya kumwambia ndugu yako, kwa haki ya Muhammad na Aali zake.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na nikutegemeaye kwa hili,

Qurratulain